Karatasi Nyekundu Mlangoni

Majuma matatu yaliyopita mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kuandika programu za kompyuta hapa mjini, alifika nyumbani kwangu jioni akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Aliniamkia, akakaa, akakataa chai. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo, maana binti huyu hajapata kukataa chai ya nyumbani kwangu tangu alipokuwa darasa la kwanza.

"Mjomba," alisema, "wamenihukumu."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Alialikwa kutoa mada katika kongamano la watengenezaji wa programu. Mada dakika arobaini, maswali dakika tano. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na kisanduku, na kando yake mafungu matatu ya karatasi: kijani, njano na nyekundu, kama taa za barabarani. Kila anayetoka huchukua karatasi moja na kuitumbukiza. Kijani maana yake amependa, njano ni hivi hivi, nyekundu hakupenda. Mwenye neno la kuongeza huliandika nyuma. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Makongamano kadhaa ya programu huko Ulaya yameutumia kwa miaka mingi, nao umetufikia kama yalivyotufikia makongamano yenyewe. Itakumbukwa kwamba Novemba 2023 kongamano la Afrika la wanaotumia Django, ambayo ni zana ya kutengenezea tovuti, lilifanyika Zanzibar. Silo ninalolisema hapa. Hili ninalolisema sitalitaja jina.

Mpwa wangu alizungumzia kosa lake mwenyewe. Alikuwa ameandika programu ya kupokea malipo ya simu kwa ajili ya zahanati moja, na kila mtandao ulipokatika na kurudi, programu ile ilimtoza mgonjwa mara mbili. Alieleza jinsi kosa lilivyoingia, kwa nini halikuonekana mapema, na walivyohangaika kuwarudishia watu fedha zao. Kabla yake alikuwa amezungumza bwana mmoja mchangamfu juu ya mambo ya miaka ijayo, mwenye vichekesho na picha zinazotembea. Kisanduku cha bwana yule kilijaa kijani. Katika cha mpwa wangu nyekundu ziliwashinda wenzake wote wawili. Baada ya siku chache waandaaji wakampelekea karatasi zake ndani ya bahasha, pamoja na barua ya adabu inayosema kwamba wazungumzaji wa mwaka ujao watachaguliwa kwa kufuata hesabu hizo.

Nilimwomba aniachie bahasha ile. Nilitaka kujua desturi hii ya kumpima mzungumzaji pale anapomaliza ilianzia wapi, na hasa katika kazi hii ya programu, ambayo umri wake bado si mkubwa. Nimeona mambo ambayo nadhani yanafaa kusemwa hadharani.

Tuanze mwaka 1968. Kuanzia tarehe 7 hadi 11 Oktoba mwaka huo, watu wapatao hamsini kutoka nchi kumi na moja walikutana Garmisch, mji wa milimani kusini mwa Ujerumani. Mkutano ulidhaminiwa na Kamati ya Sayansi ya NATO, na mwenyekiti wake alikuwa Profesa F. L. Bauer. Ajenda ilikuwa uhandisi wa programu, jina ambalo waandaaji walilichagua makusudi ili liwachokoze watu. Walitaka kuuliza: ikiwa daraja hujengwa kwa hesabu na kanuni, mbona programu hujengwa kwa kubahatisha? Ilikuwa miaka ambayo kompyuta zilikuwa zinakua upesi, na programu kubwa, kama ile ya IBM iliyoitwa OS/360, zilichelewa na kutoka zikiwa na makosa tele.

Huko Garmisch hapakuwa na kisanduku wala karatasi za rangi. Palikuwa na waandishi wa kumbukumbu na kanda za kunasia sauti. Mkutano ulipokwisha, Peter Naur wa Denmark na Brian Randell wa Uingereza waliyachukua maneno yaliyosemwa, wakayapanga kwa kufuata mambo yaliyojadiliwa badala ya kufuata saa yaliposemwa, na Januari 1969 ripoti ikatoka. Ukiisoma unaona kitu ambacho ni nadra hata leo. Mtu anasema jambo, na chini yake tu yupo mwenzake anayempinga, kwa jina. Wapo waliosema kwamba kazi ya programu imo katika hali ya hatari. Yupo aliyesema kwamba halipendi neno hilo kwa kuwa linachochea jazba. Doug McIlroy wa maabara za Bell huko Marekani alitoa hotuba akitaka programu ziundwe kwa vipande vilivyo tayari, vinavyochaguliwa katika orodha kama vile fundi anavyochagua parafujo dukani. Ripoti ikaichapa hotuba yake, na papo hapo ikachapa mjadala uliofuata.

Lililonigusa zaidi ni neno la Mholanzi Edsger Dijkstra, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa fani hiyo. Alisema, kwa maana yake, kwamba kule kukubali kwa watu wazima wenye dhamana kwamba kazi yao ya programu imeshindwa kulimburudisha kuliko jambo lolote alilolipata kwa miaka kadhaa. Msikilizaji, linganisha hilo na kisanduku cha mpwa wangu. Kukiri kushindwa, ambako Garmisch kulipokewa kama maji ya baridi, huku kwetu kumepewa karatasi nyekundu.

Lakini nisiwapake waliokutana huko rangi ya malaika. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 27 hadi 31 Oktoba 1969, walikutana tena, safari hii mjini Roma, na mambo hayakwenda vizuri. Watu wa nadharia na watu wa viwandani hawakuelewana. Christopher Strachey wa Oxford ilibidi asimame na kusema kwamba uhusiano wa nadharia na vitendo ndio uliokuwa umejificha chini ya mkutano mzima bila kujadiliwa ipasavyo. Aidha, Randell ameeleza baadaye kwamba waandaaji walikuwa na ajenda yao ya chini chini: walitaka NATO igharimie kuanzishwa kwa chuo cha kimataifa cha uhandisi wa programu, na vikao vya majadiliano vilitegemewa vitoe ushahidi kwamba wajumbe wanaliunga mkono wazo hilo. Wajumbe hawakutoa ushahidi uliotakiwa. Walitoa mashaka.

Mmoja wao, Tom Simpson wa IBM, aliandika kichekesho kifupi alichokiita, kwa lugha yetu, Uhandisi wa Kazi Bora. Humo aliwaza watu wa zamani wanaoanzisha chuo cha kuzalisha kazi bora za sanaa, kana kwamba michoro ya mabingwa inaweza kutoka kwa mpango kama matofali. Wajumbe walimwelewa mara moja. Hayo nayo yalikuwa maoni ya mhudhuriaji, tena maoni makali yaliyokomaa kuliko karatasi nyekundu mia moja.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Ripoti ya Roma, iliyohaririwa na John Buxton pamoja na huyo huyo Randell, ilitoka mwaka 1970. Kichekesho cha Simpson hakikuwamo. Wahariri walishawishiwa kukiondoa, wakakubali. Mwaka 1996, katika semina ya historia ya fani hiyo iliyofanyika Dagstuhl huko Ujerumani, Randell alisimulia habari hiyo mwenyewe na kusema kwamba alijutia kukubali kwao. Maandishi ya Simpson ndipo yalipotolewa. Miaka ishirini na saba! Mikutano ile ya NATO yenyewe haikuendelea baada ya Roma.

Kwa hiyo hata pale ambapo maneno yaliandikwa na majina kutajwa, alikuwapo mwenye kalamu aliyeamua maoni yapi yaingie na yapi yabaki nje. Lakini angalau kilichoondolewa kilikuwa ni hoja, na hoja ikifichwa kabatini hukaa ikingoja. Je, nyekundu isiyo na neno nyuma yake itangoja nini? Hata ukiikuta baada ya miaka hamsini haitakueleza aliyeitumbukiza alichukizwa na nini.

Wengine watasema: basi tusikilize makofi, makofi hayaongopi. Nami nasema makofi yana ukweli wake, lakini ni ukweli wa saa ile. Desemba 9, 1968, miezi miwili baada ya Garmisch, Douglas Engelbart alipanda jukwaani mjini San Francisco mbele ya watu wapatao elfu moja waliokuja katika mkutano mkubwa wa kompyuta. Kwa dakika tisini aliwaonyesha kile kidude tunachokiita kipanya, akawaonyesha maandishi yanayofunguka kwenda kwenye maandishi mengine, na akazungumza kwa picha na sauti na wenzake waliokuwa Menlo Park, umbali wa kilometa kama hamsini. Mwaka 1968, ndugu zangu. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Kama pangekuwa na kisanduku mlangoni siku hiyo, kingejaa kijani hadi kufurika. Hata hivyo miaka iliyofuata maabara yake ilipungukiwa na watu na fedha. Baadhi ya vijana wake walihamia kituo cha Xerox kilichofunguliwa Palo Alto mwaka 1970, na kabla ya muongo huo kwisha maabara iliuzwa kwa kampuni iitwayo Tymshare. Kipanya kiliingia maofisini miaka ya 1980 kwa mikono ya watu wengine. Engelbart alipewa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo, kwa mwaka 1997, na alifariki mwaka 2013. Katika ukumbi ule alikuwamo kijana Alan Kay, ambaye baadaye akiwa huko Xerox aliyafanyia kazi mengi yanayofanana na aliyoyaona. Hayo ndiyo maoni ya mhudhuriaji yaliyokuwa na uzito, nayo hayakuhesabiwa mlangoni, kwa kuwa yalichukua miaka kutokea.

Na fomu yenyewe ya tathmini je? Wengi wetu tunaijua kutokana na semina. Unapewa dakika za mwisho, wakati macho yako yameelekea meza ya posho, unaweka alama kwenye "nzuri sana" toka juu hadi chini na kuondoka. Aliyeipa fomu hiyo nafasi yake katika elimu ya mafunzo ni Mmarekani Donald Kirkpatrick, katika makala zake za mwaka 1959 na 1960. Yeye alitaja ngazi nne za kupima mafunzo: je, washiriki walipenda, je, walijifunza, je, wanatenda tofauti wakirudi kazini, na je, kazi yenyewe imepata faida. Kupenda aliweka ngazi ya chini kabisa. Waliomfuata wakaona ngazi hiyo ndiyo rahisi kupanda kuliko nyingine, wakaikalia hapo hapo.

Hatari ya kukaa hapo ilionyeshwa mwaka 1970 kwa jaribio ambalo kila mwandaaji wa kongamano angepaswa kulijua. Madaktari na wasomi watatu wa Marekani, Naftulin, Ware na Donnelly, walimchukua mwigizaji wa filamu, wakamvalisha jina la Dokta Myron L. Fox na sifa nyingi za kisomi, wakamfundisha kutoa mhadhara juu ya matumizi ya hesabu za michezo katika elimu ya utabibu. Somo lenyewe hakulijua. Alielekezwa aseme kwa ucheshi na uchangamfu, lakini maneno yake yawe ya kujipinga, yasiyoshikana na yasiyo na maana. Kundi la kwanza lililomsikiliza lilikuwa la watu kumi na mmoja, wote wa kazi za matibabu ya akili na ustawi wa jamii, watu waliosoma. Baadaye mkanda wa mhadhara ulionyeshwa kwa makundi mengine mawili, na jumla ya wasikilizaji ikawa hamsini na watano. Wote walijaza fomu, na majibu mengi yalikuwa ya sifa. Katika kundi la kwanza wote kumi na mmoja walisema kwamba mzungumzaji aliwachochea kufikiri. Katika kundi la pili alikuwapo mmoja aliyejibu kwamba amewahi kusoma maandishi ya Dokta Fox.

Maandishi ya mtu ambaye hayupo!

Matokeo yalichapwa mwaka 1973, na tangu hapo wasomi wamebishana sana juu ya jaribio hilo, nami siwezi kulifanya liseme zaidi ya lilivyosema. Ninachokiona ni hiki: karatasi ya mlangoni hupima jinsi mtu alivyojisikia alipokuwa anainuka kitini. Hilo si jambo la kudharau. Ikiwa sauti haikufika nyuma, ikiwa maandishi ukutani yalikuwa madogo kama chawa, ikiwa mzungumzaji alisoma karatasi yake bila kuinua uso, wasikilizaji ndio mashahidi bora, na mzungumzaji anapaswa kuwasikiliza na kujirekebisha. Mpwa wangu mwenyewe amekiri kwamba alizungumza upesi mno. Ila waandaaji wanapochukua hesabu hiyo na kuifanya mizani ya nani aitwe tena mwakani, wanawafundisha wazungumzaji wote somo moja: leta vichekesho, acha makosa yako nyumbani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wanaolipa gharama si wazungumzaji, ni wagonjwa wa zahanati nyingine watakaotozwa mara mbili na programu ya kijana ambaye hakupata kumsikia mtu yeyote akieleza kosa hilo.

Wala wataalamu wanaokaa kuchagua mada kabla ya mkutano hawana jicho lisilokosea. Mwaka 1991 Tim Berners-Lee na mwenzake Robert Cailliau walipeleka makala juu ya kazi yao kwenye mkutano wa Desemba huko San Antonio, Texas. Makala ilikataliwa, waliruhusiwa kuonyesha tu mezani, na hata waya wa simu wa kuunganishia mashine yao ilibidi wauhangaikie. Kazi yenyewe ilikuwa ule mtandao wa tovuti ambao leo dunia nzima inautumia. Mkutano wa namna hiyo hiyo ulipofanyika mwaka 1993, mtandao huo ulikuwa umetapakaa katika meza za maonyesho.

Sasa nirudi kwenye bahasha. Nimezikagua karatasi zote za mpwa wangu moja moja. Nyingi hazina neno. Chache zina neno moja moja. Iko ya njano iliyoandikwa "Punguza mwendo," na iko nyekundu iliyoandikwa "Mbona mnatuletea matatizo, tumekuja kujifunza." Hiyo niliiweka kando, nikacheka peke yangu.

Lakini katikati ya zile nyekundu palikuwa na moja yenye mwandiko mdogo uliojaa hadi pembeni. Aliyeiandika aliuliza kama, kabla ya kuwakabidhi zahanati programu, mpwa wangu aliwahi kuukata mtandao makusudi katikati ya malipo, tena siyo mara moja, bali mara kumi kwa hatua kumi tofauti, ili aone kila mara fedha zinabaki upande gani. Kisha akamalizia: "Umeeleza tundu ulilolianguka. Hukueleza kama umeyatafuta mengine."

Nilimpigia simu usiku ule ule, nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, hiyo sikuiona. Niliona rangi tu."

Juzi Jumamosi alikuja tena, na safari hii alikunywa chai vikombe viwili. Wamefanya jaribio hilo ofisini kwao. Mwenzake alikaa karibu na swichi akizima na kuwasha, yeye akiandika matokeo kwenye daftari. Hatua tisa zilikwenda vizuri. Katika hatua ya saba malipo yalipotea kabisa: mgonjwa amelipa, zahanati haina habari. Kosa hilo halikuwa limegunduliwa na mtu yeyote, na kama lilikwisha kumpata mgonjwa, basi hakulalamika au alilalamika asisikilizwe. Sasa wanapitia daftari za zahanati za miezi yote tangu programu ile ianze kutumika.

Anataka kumshukuru aliyeandika karatasi ile, na kumwomba waipitie pamoja hatua ya saba. Amewauliza waandaaji, wakamjibu kwamba utaratibu wao ni kutoandika majina.